Mkongo Ukikatika, Nani Hulipa? Makoloni ya Waingereza na Dhima ya Telegrafu ya Baharini

Kwa miaka 50 Hazina ya Uingereza ililipa pauni 36,000 kila mwaka kwa ajili ya mkongo wa telegrafu uliokwisha kufa. Mkongo huo ulitandazwa mwaka 1859 na 1860, kutoka Suez kupitia Bahari ya Shamu hadi Aden, kisha kando ya pwani ya Uarabuni, kupitia visiwa vya Kuria Muria na Maskati, hadi Karachi. Waliotandaza waliukaza mno juu ya sakafu ya bahari yenye miinuko na mabonde. Ukaning'inia, ukaota makombe, ukakatika kwa uzito wake mwenyewe. Hakuna ujumbe hata mmoja uliowahi kusafiri kutoka upande mmoja wa njia ile hadi mwingine.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa kwenye mkataba. India ilikuwa imetoka katika uasi wa 1857, habari zake zilichukua wiki nyingi kufika London, na serikali ilitaka waya kwa haraka. Ili wenye fedha wakubali kununua hisa, serikali iliwahakikishia faida ya asilimia 4.5 kwa mtaji wa pauni 800,000, kwa nusu karne, bila kuweka sharti kwamba mkongo lazima ufanye kazi. Mwenye hisa hakuwa na hofu ya kupoteza chochote. Mlipa kodi wa Uingereza alibeba hasara yote, na akaendelea kuibeba hadi 1908.

Mwaka mmoja kabla ya mkasa huo palikuwa na mkataba wa aina nyingine. Mkongo wa kwanza wa Atlantiki, wa 1858, ulipewa ahadi ya pauni 14,000 kwa mwaka maadamu unapitisha ujumbe. Ulipozimika baada ya wiki chache, ahadi nayo ilizimika. Tofauti ya mikataba hii miwili ni sentensi moja tu ya kisheria, lakini ukiihesabu kwa fedha inafika pauni milioni 1.8. Tangu hapo, kila serikali iliyoketi na kampuni ya telegrafu ilikuwa na swali moja mezani: waya ukifa, au ukikosa wateja, hasara ni ya nani?

Mahali pa kulifuatilia swali hili ni makoloni ya Waingereza ya Australia na New Zealand. Kila koloni lilikuwa na bunge lake, bajeti yake na wivu wake. Yote yalikuwa mbali na London kuliko sehemu karibu yoyote ya dola ile, na hakuna hata moja lililoweza kumudu mkongo peke yake bila kuumia.

Tasmania na Victoria zilianza mapema. Mwaka 1859 zilishirikiana kugharimia mkongo wa kuvuka mlango wa bahari wa Bass. Mawimbi na miamba ya kisiwa cha King viliusaga waya ule tena na tena, na baada ya muda mfupi ukaachwa. Victoria ilikuwa na dhahabu na ilisahau haraka. Tasmania, koloni dogo, haikusahau. Mkongo mpya ulipotandazwa mwaka 1869, ulikuwa mali ya kampuni, na Tasmania ilitoa dhamana ya faida kwa mtaji wake. Kisiwa kilichokuwa kimehangaika na hasara ya umiliki sasa kilijifunga kwa dhamana, kwa sababu bila waya kingebaki nyuma ya habari zote za biashara.

Kisha ukaja mwaka 1870. Baada ya mkongo kufika Bombay kutoka Uingereza, kampuni zilizokuwa chini ya John Pender, mfanyabiashara wa pamba wa Manchester aliyegeuka kuwa mfalme wa telegrafu duniani, zilitaka kuendelea kupitia Singapore na Java hadi Australia. Queensland ilitegemea waya utue kwenye ghuba yake ya kaskazini. Australia Kusini ikaiwahi. Iliahidi kujenga, kwa fedha zake yenyewe, njia ya telegrafu ya nchi kavu kutoka Port Augusta hadi Darwin, ikikata bara zima katikati, na kuimaliza kufikia tarehe 1 Januari 1872. Ikichelewa, kampuni ingedai fidia.

Fikiria uzito wa ahadi hiyo. Koloni lenye watu wasiofika laki mbili lilijitolea kusimamisha nguzo zipatazo 36,000 katika nchi ambayo Wazungu wachache sana walikuwa wameivuka. Charles Todd, mkuu wa posta na telegrafu, aliigawa kazi katika sehemu tatu. Kusini na katikati zilikwenda vizuri. Kaskazini mvua za masika zilifurisha mito, ng'ombe wa kukokota wakafa, wafanyakazi wakagoma, na mkandarasi akafutwa kazi. Makadirio ya pauni 120,000 yakapanda karibu mara nne. Januari 1872 ilifika njia ikiwa haijakamilika, na mkongo wa Java ulikuwa umekwisha kutua Darwin tangu Novemba. Kampuni ikaanza kudai haki yake.

Hapo bahari ikaingilia kati. Mwezi Juni 1872 mkongo wa kampuni ulikatika. Dai la fidia likapoteza nguvu, kwa kuwa hata kama nguzo zote zingekuwa zimesimama, hakukuwa na ujumbe wa kupokea. Waya za nchi kavu ziliunganishwa tarehe 22 Agosti, na mkongo ukatengenezwa Oktoba. Australia ikaanza kuzungumza na Ulaya kwa saa badala ya miezi, kwa bei ya zaidi ya pauni 9 kwa ujumbe wa maneno 20.

Njia ile ilipita katika ardhi za Waarrernte, Wakaytetye, Wawarumungu na mataifa mengine ya wenyeji wa bara lile. Vituo vilijengwa kwenye chemchemi zao za maji. Februari 1874 kituo cha Barrow Creek kilishambuliwa na watumishi wawili wakafa. Misafara ya kulipiza kisasi iliua Wakaytetye wengi. Mikataba ya miaka ile ilitaja dhoruba, miamba na kuchelewa kwa meli. Damu hii haikuwa na kifungu chake, wala hakuna aliyedaiwa.

Kwa makoloni jirani, Australia Kusini ilikuwa imejitwisha hasara na kujipatia lango. Kila neno lililotoka Sydney au Melbourne kwenda London lilipita Adelaide na kuacha ushuru pale. Hata hivyo mapato hayakulipa riba ya deni kwa miaka mingi, na Adelaide ikaanza kudai kwamba njia hii ni ya Australia nzima, basi hasara yake nayo igawanywe. Sydney na Melbourne zilijibu kwamba koloni lililoifukuzia fursa lile na mifupa yake. Ubishi huu ulidumu karibu miaka 20, na ukiusoma leo huwezi kusema upande mmoja haukuwa na hoja.

New Zealand ilipata waya wake mwaka 1876, kutoka La Perouse karibu na Sydney hadi Wakapuaka karibu na Nelson. Ruzuku ilikuwa pauni 7,500 kwa mwaka kwa miaka 10, sehemu kubwa ikitoka New Zealand na sehemu ndogo New South Wales. Huu ulikuwa mgawanyo wa mantiki rahisi: anayehitaji zaidi alipe zaidi. Mwaka 1879 mantiki ikabadilika. Mkongo mmoja wa Java ulikuwa ukikatika mara kwa mara, na kampuni ikakubali kutandaza wa pili kwa ruzuku ya pauni 32,400 kila mwaka kwa miaka 20. Makoloni yaliyokubali yaligawana mzigo kwa idadi ya watu. Queensland, ambayo haikusahau ya 1870, ilikaa nje.

Kwa upande wetu wa Bahari ya Hindi, mwaka huohuo wa 1879 ndio uliotuleta katika hadithi hii. Tarehe 22 Januari jeshi la Wazulu liliwashinda Waingereza huko Isandlwana. London ilipata habari tarehe 11 Februari, kwa sababu hakukuwa na waya wa kufika kusini mwa Afrika na habari ilibidi ipande meli kwanza. Aibu hiyo iliharakisha mkongo wa Aden, Zanzibar, Msumbiji na Durban, uliomalizika kabla ya mwaka kwisha. Ruzuku ilibebwa hasa na London pamoja na makoloni ya Rasi na Natal. Zanzibar ilikuwa kituo cha katikati, na Sultani Barghash alitoa kisiwa cha Bawe kwa kampuni. Mwaka 1890 mikongo mifupi ikaunganisha Zanzibar na Mombasa, na Zanzibar na Bagamoyo na Dar es Salaam, huu wa pili kwa ajili ya Wajerumani.

Waya ule ulikuja na nguvu ambazo watu wa Unguja hawakuzijadili katika kikao chochote. Agosti 1896, Sayyid Khalid bin Barghash alipoingia katika kasri baada ya kifo cha Sultani Hamad, mwakilishi wa Uingereza, Basil Cave, aliomba kwa telegramu ruhusa ya kutumia nguvu. Jibu la London lilifika siku iliyofuata. Asubuhi ya tarehe 27 mizinga ililia, na chini ya saa moja kasri lilikuwa magofu. Bila mkongo wa Aden, jibu hilo lingechukua wiki kadhaa, na mambo mengi yangeweza kutokea katika wiki hizo.

Turudi Australia, kwa sababu mwaka 1891 ulifanyika mkataba ambao kwa maoni yangu ndio wa busara kuliko yote ya karne ile. Bei ilikuwa shilingi 9 na peni 4 kwa neno, zaidi ya ujira wa siku nzima wa kibarua. Makoloni yalitaka ishuke hadi shilingi 4. Kampuni ilisema mapato yataporomoka. Makoloni yakajibu kwamba bei ikishuka watu wataandika zaidi. Hakuna upande uliojua kwa hakika, na kwa hiyo walikubaliana kugawana ujinga huo sawasawa: mapato yakishuka chini ya kiwango cha zamani, kampuni itabeba nusu ya upungufu na makoloni nusu nyingine, yakigawana nusu yao kwa idadi ya watu. Australia Kusini nayo, hatimaye, ikapata dhamana ya wenzake kwa njia yake ya nchi kavu.

Mwaka wa kwanza upungufu ulikuwa mkubwa kuliko makoloni yalivyotarajia, na nusu yao ikazidi pauni 27,000. Mwaka 1893 bei ikapandishwa kidogo hadi shilingi 4 na peni 9. Kuanzia hapo ujumbe uliongezeka mwaka hadi mwaka na dhamana ikawa nyepesi. New Zealand, iliyokuwa imekaa pembeni mwanzoni, ikajiunga. Uzuri wa mkataba huu ni kwamba kila aliyeketi mezani alikuwa na sababu ya kutaka waya utumike. Kampuni haikuweza kulala kama wenye hisa wa Bahari ya Shamu, na serikali hazikuweza kudai bei ya chini kwa fedha za mtu mwingine.

Lakini mikongo yote ilibaki mikononi mwa kundi moja la kampuni, na hilo liliwaudhi watu wengi. Aliyelisema kwa sauti kubwa kuliko wote ni Sandford Fleming, mhandisi wa reli wa Kanada mwenye asili ya Scotland. Tangu 1879 alihubiri mkongo wa kuvuka Pasifiki kutoka Kanada hadi Australia, utakaotua kwenye ardhi zilizo chini ya Uingereza pekee na utakaomilikiwa na serikali zenyewe. Alilipeleka suala hilo katika mkutano wa makoloni wa London mwaka 1887, kisha katika mkutano wa Ottawa mwaka 1894.

Pasifiki ni pana, na tatizo la kwanza lilikuwa mahali pa kupumzikia. Fleming alikitazama kisiwa kidogo kisicho na watu, Necker, upande wa Hawaii. Mwaka 1894 alimtuma mtu kwa siri akakidai kwa jina la Malkia. Serikali ya Hawaii ilikuwa imepata fununu, ikatuma meli yake, na bendera ya Hawaii ikasimikwa kabla mjumbe wa Fleming hajawahi kusimika yake. Kwa ajili ya kisiwa hicho kilichopotea, mkongo ulilazimika kuruka moja kwa moja kutoka Bamfield, kisiwa cha Vancouver, hadi kisiwa cha Fanning, umbali wa maili za baharini 3,458. Hakukuwa na mkongo mrefu kama huo usio na kituo popote duniani. Umbali huo ulidai shaba nene zaidi, utomvu mwingi zaidi wa miti ya Malaya na Borneo wa kuuhami, na meli mpya, Colonia, ya kuubeba.

Gharama ilikadiriwa kuwa takriban pauni milioni 2. Nani alipe? Kanada ilijitolea kubeba sehemu 5 kati ya 18, na Australia pamoja na New Zealand sehemu 8. Zilizobaki 5 zilikuwa za Uingereza. Mwaka 1899 London ilijibu kwa pendekezo lililowaudhi wote: haitakuwa mmiliki, bali itachangia sehemu 5 kati ya 18 za hasara ya kila mwaka, na mchango huo usizidi pauni 20,000. Maafisa wa Posta na Hazina hawakutaka serikali ishindane na kampuni ambazo ilikuwa ikizitegemea kwa mikongo mingine yote ya dola.

Makoloni yaliona tofauti upesi. Mchangiaji mwenye kikomo anajua atapoteza kiasi gani. Mmiliki hajui. London ilitaka wengine wabebe yasiyojulikana huku yenyewe ikibeba yanayojulikana. Barua kali zikavuka Atlantiki, magazeti ya Toronto na Sydney yakapiga kelele, na katikati ya mwaka huo Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni, akakubali umiliki wa pamoja. Mgawanyo ukawa hivi: Uingereza 5, Kanada 5, New South Wales 2, Victoria 2, Queensland 2, New Zealand 2. Ikitokea hasara ya pauni 90,000, mathalani, Uingereza na Kanada kila moja italipa 25,000, na kila mmoja wa wale wanne 10,000.

Utazame mgawanyo huo kwa makini. Queensland, yenye watu karibu nusu milioni, ililipa sawa na New South Wales yenye zaidi ya milioni moja na robo. Kanuni ya idadi ya watu ilikuwa imetupwa. Kwa Queensland hiyo ilikuwa bei ya kupata, baada ya miaka 30 ya kungoja, mkongo mkuu uliotua katika pwani yake yenyewe, huko Southport. Hazina ya Uingereza ilikopesha pauni milioni 2 zilipwe kwa miaka 50, na bodi ya watu wanane ikaundwa: watatu wa Uingereza, wawili wa Kanada, wawili wa Australia, mmoja wa New Zealand. Fiji, Fanning na Norfolk, ambako waya ulitua, hazikuwa na kiti.

Mkongo ulikamilika tarehe 31 Oktoba 1902. Kabla haujapitisha neno la kwanza, mmoja wa wamiliki wake alikuwa amekwisha kuujeruhi. Kampuni za Pender, sasa zikiongozwa na warithi wake, zilikuwa zimetandaza mkongo mpya kutoka Afrika Kusini kupitia Morisi na visiwa vya Cocos hadi Australia Magharibi, na kuyaahidi makoloni bei ya chini iwapo yataziruhusu kufungua ofisi zao mijini na kupokea wateja moja kwa moja. Australia Kusini, Australia Magharibi na Tasmania, ambazo hazikuwa na hisa katika Pasifiki, zilikubali mwaka 1900. Hilo linaeleweka. Januari 1901 New South Wales nayo ikatia saini, ilhali ilikuwa mwanahisa.

Kanada na New Zealand ziliita jambo hilo usaliti, na mimi naona ziliita sawa. Ukigawana dhima na mwenzako, kila mteja unayempeleka kwa mshindani ni hasara unayomtwisha yeye. New South Wales ilipata bei nafuu kwa wafanyabiashara wa Sydney, na sehemu kubwa ya gharama yake ikalipwa Ottawa, Wellington na London. Mkutano wa 1905 uliitishwa kulisuluhisha, lakini mikataba iliyokwisha kusainiwa haikufutwa. Bodi ya Pasifiki iliendeshwa kwa hasara hadi karibu na vita vya kwanza vya dunia, na kila mwaka ankara ya upungufu iligawanywa kwa sehemu 18.

Vita vilileta kazi, na kazi ikaleta faida. Septemba 1914 meli ya Kijerumani Nürnberg ilikata waya pale Fanning na kuvunja mitambo, ukatengenezwa, na ujumbe wa kijeshi ukajaa pande zote mbili. Faida haikudumu. Mwaka 1926 na 1927 redio za masafa mafupi za Marconi zilianza kupitisha ujumbe kati ya Uingereza, Kanada, Afrika Kusini, India na Australia kwa gharama ndogo sana. Mkutano wa 1928 uliamua kuunganisha redio na mikongo yote ya dola chini ya kampuni moja, iliyobadilishwa jina mwaka 1934 kuwa Cable and Wireless. Mkongo wa Pasifiki, ulioongezewa waya wa pili mwaka 1926, uliuzwa kwa pauni 517,000. Wananchi wa nchi nne waliojenga mali ya mamilioni waliikabidhi kwa warithi wa kampuni zilezile ambazo mkongo huo ulitandazwa ili kuwaepusha nazo.

Afrika Mashariki iliyapitia majadiliano kama haya karne moja baadaye. Mkongo wa EASSy, kutoka Afrika Kusini hadi Sudan, ulianza kuzungumzwa mwaka 2003 na haukufanya kazi hadi 2010, kwa sababu serikali na kampuni zilivutana juu ya umiliki na juu ya haki ya asiye mwanachama kupata nafasi kwa bei ya haki. Kenya ilichoka kusubiri, ikajenga TEAMS kutoka Fujairah hadi Mombasa, serikali ikiwa mwanahisa pamoja na kampuni za simu. Mei 2024 EASSy na mkongo mwingine, Seacom, ilikatika kwa pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini. Benki, ofisi na vyuo vya Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda vikahangaika kwa siku kadhaa.

Mabunge ya Sydney, Wellington na Ottawa yalibishana hadharani juu ya kila sehemu ya 18, na kumbukumbu zao zinasomeka hadi leo, usaliti na yote. Mikataba ya mikongo yetu inastahili kusomwa vivyo hivyo. Wabunge wa Dodoma, Nairobi, Kampala na Kigali wanapoidhinisha fedha za mkongo unaofuata, waombe vifungu vya dhima visomwe kwa sauti: nani hulipa waya ukikatika, nani hulipa wateja wasipofika, na mwanahisa anayeruhusu mshindani atawafidia wenzake kiasi gani.